Bunduki ya kwanza: je, mmiliki mpya alazimishwe kupata mafunzo ya usalama?

Mahindi yanapoanza kukomaa, familia nyingi za Namtumbo, Tunduru na Songea Vijijini huhamia shambani. Baba au kijana mkubwa hulala kwenye dungu, moto unawashwa, madebe yanagongwa usiku kucha. Nguruwe pori wakiingia mara mbili, jasho la miezi mitano limekwisha. Ndiyo maana katika mkoa wetu mtu akisema anataka bunduki, majirani hawashangai. Wanajua anachokilinda.

Jambo ambalo hatulizungumzi sana ni kinachofuata baada ya bunduki kufika nyumbani. Nani alimfundisha kuishika? Itakaa wapi wakati watoto wanacheza? Akisikia kishindo gizani, atajuaje kama ni nguruwe au ni jirani aliyekuja kuomba moto?

Makala hii inaeleza sheria inavyosema, hatari zinatoka wapi, hoja za wanaotaka mafunzo yawe ya lazima kwa kila mmiliki mpya, na hoja za wenye wasiwasi. Mwishoni tumeweka mambo ambayo mwenye silaha anaweza kuyafanya leo hii bila kusubiri mtu yeyote.

KWA UFUPI

- Silaha za kiraia Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobore nalo ni silaha chini ya sheria hiyo.
- Leseni inaangalia wewe ni nani. Mafunzo yanaangalia mikono yako inajua nini. Vyote viwili vinahitajika.
- Mafunzo ya lazima yatasaidia kijijini iwapo tu yatamfikia mkulima karibu na kwake na kwa gharama anayoimudu. Yakiwa mbali na ghali, watu wataficha magobore.

KWA NINI SUALA HILI NI LETU

Ruvuma ni mkoa wa wakulima na pia ni mkoa wa wanyamapori. Upande wa kaskazini tunapakana na eneo la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kutoka huko, tembo na wanyama wengine hupita katika ushoroba unaokwenda hadi hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji. Njia hiyo inakatiza ardhi ya vijiji vya Namtumbo na Tunduru. Mnyama hajui mpaka wa shamba.

Hatari hiyo si hadithi ya wazee. Tunduru inakumbuka miaka ya 1980 ambapo simba waliua makumi ya watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la kisayansi la Nature ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania, wengi wao upande wa kusini. Watafiti hao walieleza jambo ambalo wakulima wetu walikuwa wakilijua: nguruwe pori wanaoingia mashambani huwavuta simba, na mtu aliyelala shambani kulinda mahindi yake huwa karibu na simba huyo.

Kwa hiyo mtu anayetaka silaha huku kwetu mara nyingi ana sababu. Makala hii haibishani naye kuhusu sababu hiyo. Inauliza kama sababu nzuri peke yake inatosha.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya sheria ya silaha ya mwaka 1991. Inakataza raia kumiliki silaha bila leseni, na inaweka Msajili wa Silaha ambaye kumbukumbu zote zinapitia kwake. Mwombaji anatakiwa awe ametimiza umri wa miaka 25. Anatakiwa awe na akili timamu, asiwe mtu wa vurugu wala mlevi, na aeleze sababu ya kuhitaji silaha.

Kwa kawaida safari ya ombi huanzia kijijini au mtaani. Viongozi wanaokufahamu hutoa maoni yao. Ombi hupita kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya kata, kisha wilaya, kisha mkoa, na polisi huchukua alama za vidole na kukagua kama una rekodi ya uhalifu. Ni safari ndefu kwa makusudi: watu wanaokuona kila siku ndio wenye nafasi ya kusema kama una hasira za haraka au unakunywa kupita kiasi.

Kumiliki bila leseni ni kosa zito. Mtuhumiwa hushtakiwa chini ya sheria hiyo pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 inaweka kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Wapo watu waliohukumiwa kwa sababu ya gobore moja. Tafadhali usidanganywe na maneno kwamba gobore si bunduki.

Suala la umahiri nalo si geni katika sheria ya 2015. Wazo lake ni kwamba leseni apewe mtu anayemudu kutumia silaha kwa usalama. Mjadala uliobaki ni kuhusu utekelezaji: umahiri huo upimwe vipi, upimwe na nani, wapi, na je, mwenye gobore wa kijijini apitie kipimo kilekile anachopitia mfanyabiashara wa mjini anayetaka bastola?

Mwaka 2016 Jeshi la Polisi liliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima. Wamiliki walipeleka silaha na leseni zao zikakaguliwa. Zoezi hilo lilikuwa na umuhimu wake, kwani lilionyesha nani ana nini. Lakini uhakiki unalinganisha namba ya bunduki na karatasi. Haumwambii mwenye bunduki kwamba kuiweka nyuma ya mlango ni hatari.

AJALI ZINATOKA WAPI

Ajali nyingi za silaha hazihitaji mhalifu. Zinahitaji mtu mwema aliyesahau kitu kimoja. Kila aina ya silaha ina kosa lake linalojirudia.

Gobore

Gobore hujazwa kwa kupitia mdomo wa mtutu, na hapo ndipo tatizo lake kubwa lilipo. Ukishalijaza, si rahisi kulitoa ulichoweka isipokuwa kwa kufyatua. Mwenye nalo akikesha shambani bila kuona mnyama, asubuhi hurudi nalo likiwa limejaa. Hulitundika ukutani au huliegemeza kwenye pembe ya chumba. Mke hajui kama limejaa. Mtoto hajui. Baada ya wiki mbili hata mwenyewe hana hakika.

Tatizo la pili ni chuma chenyewe. Magobore mengi yametengenezwa kienyeji, na mtutu usiotengenezwa kwa ajili ya baruti unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji, hasa akizidisha baruti ili ipige mbali. Tatizo la tatu ni mlio unaochelewa. Unafyatua, fataki inalia, lakini baruti haijashika. Mtu asiyefundishwa hugeuza mtutu ili achungulie kuna nini. Wakati huohuo baruti inashika.

Shotigani na raifo

Hapa kosa kubwa ni umbali. Risasi ya raifo ya kuwindia inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3. Ukimkosa nguruwe aliyesimama kwenye kilima, risasi haiishii pale. Inavuka kilima na kwenda usikokuona, labda kwenye shamba la mtu mwingine ambaye naye amelala kwenye dungu lake. Shotigani haifiki mbali hivyo, lakini gololi zake husambaa, na anayesimama pembeni ya mnyama anaweza kupigwa.

Bastola

Bastola ni silaha ya mjini zaidi: wenye maduka, mawakala wa fedha, wafanyabiashara wa mazao wanaosafiri na pesa. Kosa linalojulikana dunia nzima ni kutoa magazini na kuamini kwamba bastola imekuwa tupu. Risasi moja inakuwa imebaki kwenye chemba. Mtu anabonyeza triga kwa mzaha, au anasafisha, na risasi inatoka. Anayefundishwa hufundishwa kutoa magazini kwanza, kisha kuvuta mtambo, kisha kutazama chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole.

Ukiyatazama makosa yote haya utaona yanafanana. Hakuna hata moja linaloweza kugunduliwa na kamati ya kata. Wajumbe wanaweza kusema kwa haki kabisa kwamba fulani ni mtu mpole, haibi, hanywi, na anaheshimu wakwe zake. Mpole huyo anaweza kuliacha gobore limejaa nyuma ya mlango.

HOJA ZA WANAOTAKA MAFUNZO YAWE YA LAZIMA

Ya kwanza: Serikali yenyewe haimkabidhi mtu wake silaha kabla ya kumfundisha. Kijana wa mgambo hupita kwenye mafunzo ya miezi kadhaa, na kutumia silaha ni sehemu yake. Wilayani Namtumbo kuna chuo cha Likuyu Sekamaganga, ambacho hufundisha askari wa wanyamapori wa vijiji kutoka maeneo ya jumuiya za hifadhi. Askari hao ni watoto wa vijiji hivihivi. Wao hufundishwa kabla ya kwenda doria, na wakiwa doria wana kiongozi anayewasimamia. Mmiliki binafsi hana kiongozi. Yuko peke yake usiku, ana usingizi na ana hofu. Ikiwa mwenye kusimamiwa anahitaji mafunzo, asiyesimamiwa anayahitaji zaidi.

Ya pili: anayeumia mara nyingi siye aliyeamua kununua. Mwendesha bodaboda asiyejua kuendesha huhatarisha abiria na waenda kwa miguu, ndiyo maana tunamtaka awe na leseni ya udereva iliyotanguliwa na mafunzo. Mke, watoto na majirani wa mwenye bunduki hawakusaini fomu yoyote, lakini wanaishi nayo.

Ya tatu: mafunzo ni nafasi ya kufundisha sheria. Wengi hawajui kwamba leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Ukiwa na leseni halali na ukaua mnyama bila kibali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakushika. Kujitetea maisha yanapokuwa hatarini kunatambuliwa, lakini tukio linapaswa kuripotiwa, na nyama si mali yako. Wengi pia hawajui kwamba bunduki hairithiwi kama jembe. Mwenye leseni akifariki, leseni yake haihamii kwa mtoto. Silaha inapaswa kupelekwa polisi, na anayeitaka aanze ombi lake mwenyewe.

HOJA ZA WENYE WASIWASI

Hoja hizi zina uzito, na mara nyingi hutoka kwa watu wanaoishi na tatizo lenyewe.

Ya kwanza ni gharama na umbali. Kutoka Tunduru hadi Songea mjini ni zaidi ya kilomita 250. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Chukua mfano wa mkulima wa ekari tatu. Mafunzo yakifanyika makao makuu ya mkoa kwa siku tano, atalipa nauli, malazi na chakula, na shamba litabaki bila mlinzi wiki nzima. Gharama hiyo inaweza kupita thamani ya mahindi anayotaka kuyalinda.

Ya pili inatokana na ya kwanza: masharti magumu huzalisha magobore ya siri. Mtu akiona mlango wa halali ni mwembamba mno, atakwenda kwa fundi wa chuma usiku. Gobore la siri lina hatari zote tulizozitaja, na juu yake lina hatari ya kufichwa: darini, chini ya kitanda, kwenye ghala la mahindi, mahali ambapo watoto hupenda kupekua. Mwenye nalo hawezi kumuuliza mtu yeyote namna ya kulitunza, kwa sababu kuuliza ni kujishtaki.

Ya tatu ni hofu ya rushwa na cheti cha karatasi. Tunawajua madereva waliopata leseni bila kukanyaga darasa. Cheti cha usalama wa silaha kinachonunuliwa ni kibaya kuliko kutokuwa na cheti, kwa sababu kinampa mtu kiburi cha kujua asichokijua.

Ya nne ni kwamba mafunzo hayatibu hasira. Mtu anayempiga mkewe ataendelea kuwa hatari hata akijua kutoa risasi kwenye chemba, pengine zaidi. Hii ni kweli kabisa. Ndiyo sababu mafunzo hayawezi kuchukua nafasi ya kamati ya kijiji na uchunguzi wa polisi. Kazi ya mafunzo ni kupunguza ajali. Kazi ya kumzuia mtu mbaya inabaki kwa wale wanaomfahamu, na wanapaswa kusema ukweli hata kama mwombaji ni ndugu au ni mtu mwenye fedha.

Wapo pia wanaosema, "Mimi nimepita mgambo, nifundishwe nini?" Mgambo humfundisha mtu silaha ya kijeshi, ambayo baada ya zoezi hurudishwa ghalani na kufungiwa. Hamfundishwi namna ya kuishi na bunduki katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto watano. Aliyepita mgambo anaweza kupunguziwa sehemu ya kupiga shabaha. Sehemu ya utunzaji wa nyumbani anaihitaji kama mwingine.

WENGINE WANAFANYAJE

Afrika Kusini ilitunga sheria mpya ya silaha mwaka 2000. Chini ya sheria hiyo, mtu hawezi kupata leseni ya bunduki kabla ya kuwa na cheti cha umahiri. Ili akipate, anatakiwa afaulu mtihani wa kuijua sheria yenyewe, na amalize mafunzo na mtihani wa kushika silaha kwa usalama. Hatua zimetenganishwa: kwanza wewe unathibitika unafaa, kisha ndipo bunduki yenyewe inaombewa leseni.

Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, na kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019 raia wote wenye silaha waliitwa upya kuhakikiwa. Kama ilivyokuwa kwetu mwaka 2016, msisitizo ulikuwa kujua nani anafaa kubaki na silaha.

Nchini Marekani, ambako silaha ni nyingi kuliko karibu popote, wawindaji wanadaiwa mafunzo katika majimbo mengi. Jimbo la New York lilianza kuwadai wawindaji vijana mafunzo mwaka 1949. Katika miongo iliyofuata ajali za uwindaji huko zilipungua sana. Mafunzo hayakuwa sababu pekee, kwani wawindaji pia walianza kuvaa nguo za rangi ya chungwa ili waonane porini. Hata hilo ni somo: jambo dogo na la bei nafuu, likifundishwa kwa wote, huokoa maisha.

MAFUNZO YA NAMNA GANI YANGEMFAA MKULIMA WA RUVUMA

Tukiziweka hoja za pande zote mezani, hazigongani kiasi kinachodhaniwa. Wanaotaka mafunzo wanasema mikono isiyojua inaua. Wenye wasiwasi wanasema mafunzo yasiyofikika yanafukuza watu kutoka kwenye sheria. Wote wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jibu la swali letu ni ndiyo, mafunzo yawe ya lazima, lakini mzigo wa kuyafikisha usimwangukie mkulima peke yake. Mambo manne yangesaidia.

Yawe karibu. Siku hizi kata nyingi zina polisi kata. Mafunzo ya siku moja au mbili yanaweza kufanyika kwenye ofisi ya kata au uwanja wa shule wakati wa likizo, kwa kukusanya waombaji wa vijiji kadhaa. Sehemu ya kupiga shabaha pekee ndiyo inayohitaji eneo maalumu. Wapo pia wakufunzi wenye uzoefu wa porini, kama wale wanaofundisha askari wa wanyamapori.

Yafanyike wakati mwafaka. Kuanzia Julai hadi Septemba mahindi yameshavunwa na mvua bado. Huo ndio wakati mkulima ana nafasi na ana senti kidogo mkononi. Mafunzo ya Februari yatakosa watu.

Yaendane na silaha. Mwenye gobore afundishwe gobore. Mwenye bastola afundishwe bastola. Kumfundisha mkulima kuvua magazini ambayo bunduki yake haina ni kupoteza siku yake.

Mke au mume ahudhurie pia. Anayebaki nyumbani ndiye anayezuia watoto. Akijua namna ya kutambua silaha iliyojaa, na akijua kwamba ana haki ya kusema "hii haiingii ndani hivi," nyumba inakuwa na walinzi wawili.

Jambo la tano linahusu magobore yaliyokwisha kufichwa. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha. Mwaka 2023, kwa mfano, ilitoa miezi ya Septemba na Oktoba ili wenye silaha haramu wazisalimishe kwa hiari bila kushtakiwa. Vipindi kama hivyo vikitangazwa pamoja na ratiba ya mafunzo, mtu anayesalimisha gobore la siri ataona njia ya halali ikiwa wazi mbele yake, badala ya kuona amepoteza ulinzi wa shamba lake.

MAMBO YA KUFANYA LEO KAMA UNA SILAHA HALALI

1. Ichukulie kila silaha kuwa imejaa, hata kama umeitoa risasi wewe mwenyewe dakika moja iliyopita.

2. Usielekeze mtutu kwa mtu wala mnyama usiyekusudia kumpiga. Kwa mzaha pia usielekeze.

3. Kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umeamua kupiga. Ukijikwaa kwenye tuta, kidole ndicho kinachokusaliti.

4. Tambua unachopiga na kilicho nyuma yake. Macho yanayong'aa kwenye mwanga wa tochi hayatoshi. Kivuli hakitoshi. Kishindo hakitoshi. Ita kwa sauti kwanza. Jirani na mtoto watajibu.

5. Gobore lisiingie nyumbani likiwa limejaa. Ukiwa bado nje, limalize kwa kufyatua kwenye udongo laini, mbali na watu na njia. Ukifyatua na mlio usitoke, elekeza mtutu mahali salama na usubiri angalau dakika moja nzima bila kuchungulia.

6. Silaha ifungiwe. Kama huna kabati la chuma, tumia sanduku imara lenye kufuli. Risasi, baruti na fataki vikae mahali pengine penye kufuli jingine. Ufunguo usining'inie ukutani. Baruti ikae mbali na jiko.

7. Pombe na silaha visikutane. Ukienda kilabuni, bunduki ibaki imefungiwa.

8. Usifyatue hewani kwenye harusi wala mkesha wa Mwaka Mpya. Risasi iliyopanda itashuka, na huchagui itashukia wapi.

9. Zungumza na watoto bila kuwatisha: wakiona bunduki popote wasiguse, waondoke hapo, na wamwambie mtu mzima.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Nimerithi gobore la marehemu baba. Nifanye nini?
Usiendelee kukaa nalo ukidhani leseni ya baba inakulinda. Mweleze mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, na muongozane naye kutoa taarifa polisi. Ukitaka silaha, omba kwa jina lako.

Je, naweza kumwazima jirani bunduki yangu kwa usiku mmoja?
Hapana. Leseni ni ya mtu na silaha yake. Jirani akikamatwa nayo au akiumiza mtu, nyote wawili mna kesi.

Silaha yangu imeibiwa. Nitaadhibiwa nikisema?
Toa taarifa polisi mara moja. Kunyamaza ndiko kunakokuweka pabaya, kwa sababu ikitumika kwenye uhalifu, namba yake inaelekeza kwako.

Je, kuna njia ya kulinda shamba bila bunduki?
Zipo, na kwa tembo hasa ndizo zinazoshauriwa: uzio wa kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, mizinga ya nyuki pembezoni mwa shamba, tochi zenye mwanga mkali, na zamu za kulinda kwa vikundi. Ukiona tembo au simba karibu na makazi, mjulishe ofisa wanyamapori wa wilaya kupitia ofisi ya kijiji.

Nani aitwe kukiwa na ajali ya risasi?
Piga 112, namba ya dharura ya polisi. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, usikiachie damu itiririke, na mfikishe majeruhi kituo cha afya kilicho karibu haraka. Usichokonoe risasi.

TUNABAKI NA NINI

Mahindi yakiliwa, yatapandwa tena mwakani. Kijiji kinaweza kumkopesha aliyepoteza debe mbili. Mtoto aliyepigwa na gobore la baba yake harudishwi na mtu yeyote, na baba huyo hafungwi na mahakama tu. Hufungwa na nyumba yake mwenyewe, maisha yake yote. Siku mbili za mafunzo kwenye ofisi ya kata ni gharama ndogo ukizilinganisha na hilo, ili mradi tuhakikishe siku hizo mbili zinamfikia mkulima pale alipo.

Kama kijiji chako kina mkutano mkuu hivi karibuni, swali hili linaweza kuwekwa kwenye ajenda: wenye silaha halali hapa kwetu wanazitunza vipi, na nani atatuletea mafunzo kabla ya msimu ujao?